Kukata mtarakwa ili kulungu apate kula

Swali: Mimi ni Mkongo, natokea Uvira, sasa naishi Boise katika jimbo la Idaho. Msimu huu nimepata kazi kwenye kikosi cha kukata miti kaunti ya Owyhee. Tunaangusha mti mbichi kabisa, tunaukata matawi, tunayatawanya na kuyaacha pale pale. Wanasema ni kwa ajili ya kulungu na ndege fulani. Mimi nimekua nikisikia "kata mti, panda mti", na nilidhani kulungu anahitaji miti ya kujifichia. Je, kazi hii ina maana kweli? Mbona miti mingine tumekatazwa kuigusa, na juzi msimamizi akanirudisha kwenye kisiki kwa sababu ya tawi moja dogo la chini? Na kuni zote zile, kwa nini zinaachwa zioze?

Jibu: Ndugu yangu, kazi mnayoifanya ina maana, tena kubwa, lakini kwa sharti moja: chini ya miti mnayoangusha pawe bado na vichaka na nyasi zilizo hai. Kulungu hapati faida yoyote kwa mti kuanguka. Faida anaipata kwenye kile kinachoota baadaye, na kama hakuna kilichobaki cha kuota, msumeno unakuwa umeyafungulia magugu uwanja. Maswali yako yote yanajibika kutokea hapo.

Tuanze na tumbo la mnyama mwenyewe. Kulungu wa Owyhee ni kulungu baghala, yule mwenye masikio marefu mapana na mkia wenye ncha nyeusi. Ni mcheuaji kama ng'ombe, lakini tumbo lake la kwanza, pale vijidudu vinapochachua chakula, ni dogo ukililinganisha na mwili wake. Ng'ombe anaweza kushindilia nyasi kavu kutwa nzima na vijidudu vikazisaga polepole. Kulungu akijaribu hivyo atakufa kwa njaa huku tumbo limejaa. Kwa hiyo yeye huchagua: chipukizi, maua, majani laini, ncha changa za vichaka. Masika na mwanzo wa kiangazi hutafuta mimea ya majani mapana kama lupini, ambayo huota katikati ya mashungi ya nyasi. Kuelekea majira ya baridi huhamia kwenye bitabrashi, kichaka cha jamii ya waridi ambacho pengine ndicho chakula anachokipenda kuliko vyote. Theluji ikishafunika kila kitu, kinachobaki kikichomoza ni sejibrashi.

Sejibrashi unaiona kila siku kazini: ile ya kijivu, majani madogo yenye meno matatu kwenye ncha, harufu kali ukiyafikicha. Ni ya ukoo mmoja na pakanga, na ile artemisia inayolimwa Afrika Mashariki kwa dawa ya malaria. Katikati ya majira ya baridi, wakati nyasi zilizokauka zina protini kidogo mno, majani ya sejibrashi huwa bado na protini ya kama asilimia 10 hadi 12. Ila ndani yake mna mafuta makali ambayo kwa wingi huwalemaza vile vijidudu vya tumboni. Kulungu hawezi kuishi kwa sejibrashi peke yake. Anahitaji kuichanganya na bitabrashi, na majani mapana yaliyokauka, na nyasi changa zinapoanza kuchipua Machi. Ndiyo maana tunapozungumzia makazi ya kulungu tunazungumzia mchanganyiko, si mmea mmoja.

Na hata mchanganyiko ukiwa mzuri, kulungu hukonda tangu Desemba hadi Aprili. Majira ya baridi kwake ni safari ya kula akiba ya mafuta aliyoyaweka mwilini kiangazi, na chakula cha baridi kazi yake ni kuyafanya yale mafuta yasiishe kabla ya majani mapya. Mtoto wa miezi saba au minane ana akiba ndogo kuliko mama yake, kwa hiyo ndiye anayekufa Februari na Machi. Tofauti ya vichaka viwili vitatu kwa kila hatua anazopiga kwenye theluji inaweza kuamua kama atafika Aprili.

Sasa mtarakwa unaingiaje hapo? Mti mnaoukata huko Owyhee ni mtarakwa wa magharibi, ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya, Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Ni mti wa pale pale, haukuletwa na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu tukisikia mti uliovamia malisho tunakumbuka mathenge wa Baringo, Kenya, mti ulioletwa kutoka ng'ambo. Huu haukuletwa. Ulikuwa umekaa mahali pake, kwenye miamba na vilele vyenye udongo mchache, kisha ukashuka.

Umeshuka kwa kasi ya kushangaza. Katika miaka kama 130 iliyopita, mtarakwa wa magharibi umeongeza eneo lake takriban mara kumi kwenye Oregon ya mashariki, kaskazini-mashariki mwa California, kusini-magharibi mwa Idaho na pembe ya Nevada. Sehemu kubwa sana ya miti unayoiona leo imeota baada ya mwaka 1870 au hivi. Sababu kuu ni moto kutoweka. Kabla ya walowezi, moto wa radi na moto uliowashwa na wenyeji, wakiwemo Wapaiute na Washoshone, ulipita kwenye nyanda za sejibrashi mara kwa mara na kuua miche ya mtarakwa, kwa maana mtarakwa wenye umri chini ya miaka 50 hivi una gome jembamba na hufa kirahisi kwa moto. Kisha, kuanzia miaka ya 1870 na 1880, ng'ombe na kondoo wakaletwa kwa mamia ya maelfu. Walikula nyasi zote zilizokuwa zikibeba moto kutoka kichaka hadi kichaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali nayo ikaanza kuzima kila moto uliowaka. Ikasadifu kwamba kipindi kile kilikuwa pia na mvua nzuri na baridi isiyo kali, na miche ikashika. Ndege walimaliza kazi: wanakula vile vitunda vya buluu na kuangusha mbegu chini ya vichaka, na kichaka cha sejibrashi chenyewe kikawa kivuli cha kumlea mche utakaokiua.

Ndiyo, kukiua. Mtarakwa una mizizi inayokwenda chini sana na mingine inayotambaa pembeni mbali kuliko upana wa matawi yake. Na kwa kuwa hauangushi majani, unaanza kunywa mapema masika, kabla nyasi hazijaamka vizuri. Juu, matawi yake hudaka sehemu ya mvua na theluji, ikayeyukia na kukaukia hewani bila kugusa ardhi. Mahali panapopata milimita 300 au 350 za mvua na theluji kwa mwaka, hiyo ni hasara kubwa. Watafiti wa Oregon State University, akiwemo Richard Miller aliyeushughulikia mti huu kwa miongo mingi, waliona kwamba mtarakwa ukifikia nusu ya ukubwa wa kivuli unachoweza kuweka mahali fulani, sejibrashi ya mlimani huwa imeshashuka hadi robo hivi ya ilivyokuwa. Maana yake sejibrashi haisubiri mpaka msitu ujifunge. Inakufa mtu akiwa bado anaona uwanda wenye miti michache ya kupendeza.

Siku moja mkipumzika, fanya hivi. Chuchumaa katikati ya miti miwili mikubwa na utazame kilichoko ardhini. Ukiona mashina ya kijivu yaliyokauka, yamejikunja kama kamba, gome likitoka kwa nyuzi, hayo ni mabaki ya sejibrashi, nayo hukaa miaka mingi bila kuoza kwa sababu ya ukavu. Kisha tafuta bitabrashi iliyo hai na uangalie ncha za matawi yake. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati tawi, hulichana. Ncha inabaki imechanika, yenye nyuzi. Sungura hukata kwa mshazari, safi kama kisu. Ukikuta bitabrashi ambayo kila ncha imechanika, na matawi yamekuwa manene mafupi kama ngumi, ujue kulungu wa eneo hilo wanarudi kwenye kichaka kile kile kila mwaka kwa kuwa hakuna kingine. Mashina makavu na ncha zilizochanika hivyo zitakueleza hali ya mahali kuliko ramani yoyote.

Wataalamu wa nyanda hizi hugawa uvamizi katika hatua tatu. Hatua ya kwanza, miti ipo lakini vichaka na nyasi ndivyo vinavyotawala. Ya pili, wanagawana. Ya tatu, miti imetawala, vichaka vimekufa, na kati ya mti na mti mna udongo mtupu unaochukuliwa na maji. Fedha na jasho vinalipa zaidi katika hatua ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Ndiyo sababu mradi mkubwa wa Owyhee, ambao BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, iliuidhinisha mwaka 2019, ulilenga mitarakwa iliyo katika hatua za mwanzo: ekari zipatazo 617,000 za kushughulikiwa ndani ya eneo la ekari milioni 1.67. Wengi hushangaa kwa nini vikosi vinapita mbali na vichaka vizito vya mitarakwa na kwenda kukata miti iliyotawanyika uwandani. Hatua ya tatu inahitaji mashine, mbegu na uangalizi wa miaka, na hata hivyo huenda isifaulu. Kwa gharama ile ile unaokoa eneo kubwa zaidi ukiwahi.

Kuhusu kulungu kujificha: swali lako ni la haki, na hata wataalamu waliliamini kwa muda mrefu. Iliaminika kwamba miti minene ni blanketi la wanyama wakati wa baridi. Miaka ya 1990, kaskazini-mashariki mwa Oregon, John Cook na wenzake waliligeuza kuwa jaribio. Waliwaweka elki wa kufugwa, ambao ni jamii ya kulungu wakubwa, wengine chini ya msitu mzito, wengine kwenye miti ya wastani, wengine mahali pa wazi, wakawalisha kwa kipimo na kuwapima uzito. Hawakuona faida ya msitu mzito. Wale waliokuwa chini yake walipungua zaidi wakati wa baridi, kwani jua la mchana halikuwafikia. Elki si kulungu baghala, na kulungu ana mwili mdogo unaopoteza joto haraka, kwa hiyo silichukulii jaribio lile kuwa neno la mwisho. Lakini lilivunja wazo kwamba kivuli kinaweza kuchukua nafasi ya chakula. Kulungu anahitaji mahali pa kukinga upepo mkali na pa kujificha puma, yule paka mkubwa wa mwituni, na watu, na kwa hilo vikundi vya miti vilivyoachwa kwenye miteremko, mabonde na miamba vinatosha. Ukipewa ramani yenye maeneo yaliyozungushiwa utepe yasiyokatwa, baadhi yake yameachwa kwa kusudi hilo.

Mengine yameachwa kwa sababu ya umri, na hapa naomba uwe mkali hata kama msimamizi hakuangalii. Mtarakwa wa magharibi unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Miti iliyokuwepo kabla ya walowezi haikuvamia chochote. Ndiyo wenyeji wa mahali pale. Inatambulika. Mti mchanga una umbo la pia, kilele kimechongoka, gome jembamba la magamba. Mzee amekuwa bapa au wa mviringo juu, mara nyingi kilele kimekufa, matawi ya chini ni mazito kama mti mwingine, gome ni jekundu la hudhurungi lenye mifereji mirefu unayoweza kuingiza vidole. Angalia pia ile kuvu-mwani ya rangi ya manjano mbichi kwenye matawi makavu, na mashimo ambamo ndege na popo hulala. Ukubwa usikudanganye. Mti mnene kwenye udongo mzuri bondeni unaweza kuwa na miaka 90 tu, na kibete kilichopinda juu ya mwamba kikawa na miaka 600. Ukiwa na shaka, uache. Mti ulioachwa kimakosa unaweza kukatwa mwakani.

Huko Utah, Nevada na Colorado kuna jambo la ziada. Mitarakwa ya huko imechanganyika na misonobari midogo ya pinyoni, ambayo karanga zake zimekuwa chakula cha Wapaiute, Washoshone na wengine kwa vizazi na vizazi, na ndege wa pinyoni wa rangi ya buluu anazitegemea. Ndege huyo amepungua vibaya katika miongo ya karibuni. Anayekata huko bila kujua makundi yake yanatagia wapi anaokoa kiumbe mmoja kwa kumwangamiza mwingine.

Umeuliza kama inafaulu. Kwa upande wa mimea, ushahidi ni mzito. Kwenye Steens Mountain, Oregon, mitarakwa ilikatwa mwaka 1991 na Jon Bates na wenzake wakafuatilia kilichoota. Mwaka wa pili tu baada ya kukata, uzito wa mimea ya chini ulikuwa karibu mara tisa ya ule wa sehemu ya jirani isiyokatwa. Kwa upande wa maji, huko Camp Creek, kaunti ya Crook, mabonde mawili madogo ya jirani yalipimwa tangu miaka ya 1990, kisha mwaka 2005 mitarakwa ya bonde moja ikaangushwa na ya pili ikaachwa. Lililokatwa likawa na unyevu uliokaa ardhini muda mrefu zaidi na chemchemi iliyotoa maji zaidi mwishoni mwa msimu. Usitarajie mito kufufuka, mvua ya huko ni chache mno kwa hilo. Lakini wiki mbili tatu za ziada za majani mabichi mwezi Julai ni maziwa kwa mama anayenyonyesha pacha, na kulungu baghala mara nyingi huzaa pacha.

Kwa kulungu wenyewe kazi ya kupima ni ngumu zaidi, kwa kuwa wanahama, wanakufa kwa sababu nyingi na hawakai ndani ya mpaka wa utafiti. Utafiti ninaouamini kuliko mingine ulifanyika Uncompahgre Plateau, Colorado, na kuchapishwa mwaka 2014 na Eric Bergman na wenzake. Walilinganisha maeneo matatu: yasiyoguswa, yaliyokatwa miti mara moja miaka ya nyuma, na yaliyokatwa kisha yakafuatiliwa kwa kupanda mbegu na kupambana na magugu. Watoto wa kulungu waliovuka majira ya baridi walikuwa kama 67 kwa kila 100 pasipoguswa na karibu 69 palipokatwa tu. Palipofuatiliwa walifika kama 77. Isome vizuri hiyo. Kukata na kuondoka kulileta tofauti ndogo sana. Tofauti ya kweli ilitoka kwa wale waliorudi. Ningekuwa na uwezo, kila ofisi inayojivunia ekari zilizokatwa ningeibandikia namba hizo ukutani.

Yule ndege mliyeambiwa ni kware mkubwa wa sejibrashi, na kwake ushahidi umenyooka zaidi. Anaogopa miti kwa sababu kunguru na ndege wa mawindo hutua juu yake wakimvizia. Huko Oregon, viwanja ambako madume hukusanyika kucheza masika vilikutwa vimeachwa vyote pale miti iliyovizunguka ilipozidi asilimia 4 ya ardhi. Asilimia 4 wewe na mimi tungeiita uwanda mtupu. Kwenye Warner Mountains, baada ya mitarakwa kukatwa, kware wake waliongezeka kwa kasi iliyozidi ya eneo lisilokatwa kwa takriban asilimia 12. Kware na kulungu wanakutana kwenye mimea ile ile ya majani mapana, ndiyo maana miradi hii huwataja pamoja, ingawa fedha nyingi zimetoka upande wa kware.

Kuna mahali kazi hii hudhuru, nami sitaki uondoke bila kulijua hilo. Adui anaitwa chitigrasi, nyasi ya mwaka mmoja kutoka Ulaya na Asia iliyoingia Marekani karne ya 19. Huota vuli, hunywa maji ya masika mapema, hukauka Juni ikiwa nyekundu-zambarau kisha rangi ya majani makavu, na kuwaka kama petroli. Ikishaungua, sejibrashi haichipui tena kutoka kisiki. Lazima iote kwa mbegu, na mbegu zake huanguka hatua chache kutoka kwa mama na haziishi muda mrefu ardhini. Chitigrasi hurudi mwaka ule ule. Mizunguko miwili mitatu ya moto wa namna hiyo hugeuza malisho ya kulungu kuwa uwanda wa nyasi moja isiyo na thamani kwake kuanzia Juni hadi theluji. Hatari ni kubwa kwenye miteremko ya chini, yenye joto na ukavu, hasa inayotazama kusini. Juu, penye ubaridi na unyevu, nyasi za mashungi zina nguvu ya kujitetea. Kipimo kinachotumika ni kuhesabu mashungi ya nyasi za kudumu: kama kwenye kila mita moja ya mraba yapo mawili au matatu, yatachukua nafasi iliyoachwa na mti. Yasipokuwepo, panahitaji mbegu kabla au mara baada ya kukata, la sivyo paachwe.

Hiyo pia ni sababu ya kutumia msumeno badala ya moto kwenye malisho ya baridi. Moto hauchagui. Unaua mche wa mtarakwa na sejibrashi kwa pamoja, na sejibrashi ya mlimani huchukua miaka 20, 30 au zaidi kurudi. Wewe na msumeno wako mnaondoa mti na kuacha kichaka kilichokuwa ubavuni mwake kikiwa na afya, na kulungu anakila majira ya baridi yaleyale. Uangalifu wako usilaze mti juu ya bitabrashi una thamani halisi.

Kuhusu tawi lile la chini, msimamizi wako alikuwa sahihi kabisa. Mtarakwa wa magharibi hauchipui kutoka kisiki kilichokufa, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu hakuna haja ya dawa. Lakini kikibaki kitawi kimoja chenye majani mabichi chini ya mkato, mti bado una kiwanda cha chakula na mizizi yote ya zamani. Kitawi kile kitainama juu, kitakuwa shina, na baada ya miaka kumi una kichaka kinene ambacho msumeno hukipata kwa shida kuliko mti wa kwanza. Kwa hiyo kata chini iwezekanavyo, futa udongo na majani yaliyorundikana kwa kiatu, zunguka kisiki chote. Na miche ya kufika magotini iliyojificha ndani ya sejibrashi usiipuuze. Mti mkubwa ukitoka, mche ule ndio unaorithi maji yote, na eneo lililoachwa na miche yake huwa linahitaji kukatwa upya ndani ya miaka 20 au 30.

Wapo wanaosema haya yote ni njia ya kupata malisho ya ng'ombe kwa jina la wanyamapori. Hawajazua. Miaka ya 1950 na 1960 matingatinga mawili yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati yakaburuta mitarakwa na pinyoni kwenye maeneo makubwa ya Magharibi, kisha zikapandwa nyasi za kigeni kwa ajili ya ng'ombe. Wazee kwa vijana waling'olewa bila kubagua. Leo wafugaji bado wanafaidika na nyasi zinazoongezeka, na wengi wao wamekuwa washirika wa kweli wa miradi hii. Ila eneo lililokatwa likiachiwa ng'ombe mara moja, mashungi dhaifu ya nyasi huliwa kabla ya kupata nguvu ya kutoa mbegu, na chitigrasi hupata mlango. Kupumzisha ardhi kwa misimu miwili ya ukuaji, au zaidi palipo pakavu, ni sehemu ya kazi sawa na kukata.

Na usiambiwe kwamba mtarakwa ndio uliowamaliza kulungu wa Magharibi. Kuna barabara na uzio unaokata njia za uhamaji, nyumba zinazojengwa kwenye mabonde wanakoshinda wakati wa baridi, ukame, majira ya baridi makali, puma, magonjwa. Kurudisha sejibrashi ni jambo moja ambalo mikono ya watu inaweza kulifanya mwaka huu, na linadumu miongo kadhaa likifanywa vizuri.

Nimalizie na kuni. Matawi yanayotawanywa hufunika udongo mtupu, hupunguza kasi ya maji ya theluji inayoyeyuka na kuvipa kivuli vichipukizi vya nyasi mwaka wa kwanza na wa pili. Lakini hayatakiwi kurundikana, ndiyo maana mnaambiwa myakate yalale karibu na ardhi: sindano zikikauka hubaki nyekundu kwenye matawi kwa miaka miwili au mitatu, na katika muda huo moto ukipita huwa mkali mno. Palipo na miti mingi, vikosi hurundika matawi na kuyachoma majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda au imelowa, ili mizizi ya nyasi isiungue. Mashina hayabebwi kwa sababu rahisi: gharama ya kuyatoa porini huzidi bei yake, na magari yakipita huku na huko huponda vichaka vile vile vinavyookolewa na kubeba mbegu za magugu kwenye matairi. Karibu na barabara hali ni tofauti. BLM huuza vibali vya kuni kwa bei ndogo, na mtarakwa mkavu ni kuni nzuri, unawaka kwa moto mkali na harufu tamu. Ulizia ofisi yao ya Boise ni maeneo yapi yaliyokatwa yameruhusiwa mwaka huu, maana malisho ya baridi ya kulungu mara nyingi hufungwa kwa magari kuanzia Desemba.